Mashati 538 yaliyopigwa pasi

Vijana wa bureau, ofisini kwetu, wameniomba niandike. Siku nilipostaafu na kutoa sanduku langu la mwisho, mmoja wao alisimama mlangoni akaniambia, "Mama Bea, utuachie kichwa chako." Nikamjibu kwamba kichwa bado nitakihitaji sokoni, lakini karatasi naweza kuwaachia. Basi njo hii, ndiyo hii. Nani alipanda cheo mwaka gani na nani alilipwa ngapi, hayo hamtayapata hapa. Mengine nimeyasahau, na yale ninayoyakumbuka yananiharibia chai.

Nilifanya kazi ya duane, yaani forodha, hapahapa Kamina, katika lile ghala la kando ya reli. Wageni huuliza: mji hauna mpaka, hauna bandari, forodha inafanya nini? Treni njo mpaka wetu. Mzigo unaingia nchini kule kusini, unafungwa mihuri ya madini ya risasi, unapanda behewa pamoja na karatasi yake ya transiti, na ushuru unalipwa hapa ukifika. Kama unafika. Mimi nilikuwa mkaguzi, wao husema verifikatere. Nafungua mzigo, natazama kitu ni kitu gani, nakitafutia namba yake katika kitabu cha tarifa. Namba ikijulikana, ushuru unajulikana. Ugomvi wote wa maisha yangu ulikuwa juu ya namba, na zaidi ya nusu yake ulikuwa juu ya nguo.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino. Sakafu ya ghala ilikuwa ya mbao zilizoachana, na kabla ya saa nne kisigino kimoja kilikuwa kimeshashuka chini kwa panya. Papa Kasongo, mkaguzi mzee aliyepewa mzigo wa kunifundisha, mtoto wa reli kama mimi, alinipa ndala zake, akabaki na soksi, kisha akaweka shati juu ya meza.

"Hii iko nini?"

"Chemise, Papa."

"Ya nani?"

"Ya mwanaume."

"Nani alikuambia?"

"Iko mukubwa."

"Bibi yangu eko mukubwa kupita hii chemise," akasema. "Angalia vifungo."

Njo nilivyojifunza kwamba upande wa kushoto ukilalia wa kulia, nguo ni ya mwanaume. Wa kulia ukilalia wa kushoto, ni ya mwanamke. Na isipojulikana ni ya nani, kitabu kinasema iandikwe ya mwanamke. Nilimuuliza Papa Kasongo kwa nini. Akasema waliokiandika walikuwa na wake nyumbani, walishazoea kuwarushia kila kisichojulikana.

Alinifundisha pia kutofautisha trikoti na kitambaa, maana hizo ni sura mbili mbalimbali za kitabu. Kitambaa nyuzi zake zinapishana kama mkeka. Trikoti uzi wake umejifunga vitanzi, ukiuvuta nguo inacheka. Kwa kazi hiyo tulikuwa na lenzi moja ndogo ya kukunja, na kwa kazi nyingine zote tulikuwa na kiberiti. Maabara ya kupima nyuzi iko mbali sana. Ukituma kipande leo, jibu litawakuta wajukuu. Tulivuta uzi mmoja wa pindo, tukauchoma. Pamba inanuka karatasi iliyoungua. Sufu inanuka nywele. Nailoni na ndugu zake zinayeyuka, zinaacha kishanga kigumu. Papa Kasongo alijua kwa pua tu, hata akiwa na mafua. Mimi nilihitaji miaka miwili na nyusi moja.

Kuhesabu sikufundishwa na mtu. Mama yangu aliuza samaki wakavu pale cité, mtaa wa watu wa reli, na nilikuwa nikikaa karibu yake kabla sijajua kusoma. Ninahesabu kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza nahesabu vitu. Mara ya pili nahesabu tena huku namtazama mwenye vitu. Mara ya pili njo inayofundisha.

Kwa mfano, yule mfanyabiashara wa mabegi ya nguo za watoto wachanga. Nguo za wachanga zina namba yao, nafuu kidogo, na mpaka wake ni mtoto asiyezidi sentimita themanini na sita. Bwana huyu alileta mabegi sita na karatasi iliyosema yote ni ya wachanga. Katikati ya begi la tatu nikatoa suti ndogo, koti, suruali, na tai ya kubana.

"Papa, hii nayo ya mutoto muchanga?"

"Ya muchanga, Mama."

"Anavaa cravate?"

"Batoto ya leo, Mama, banakomaa mbio."

"Basi umulete. Nitamupima, na kama alisha kupata kazi, aniambie fasi gani wanaandika bantu kazi."

Alicheka, nami nikacheka, tukaandika suti arobaini na mbili mahali pake. Ndivyo nilivyopenda mambo yaishe. Mtu akijaribu, unamwonyesha kwamba umeona, hakuna anayepiga kelele, na kesho mnasalimiana sokoni. Mimi mwenyewe sijawahi kununua nyanya kwa bei ya kwanza. Nitamchukiaje mtu kwa kujaribu?

Sasa nifike kwenye kazi moja ambayo sikuimaliza kwa kucheka. Wakati huo Papa Kasongo alikuwa ameshastaafu, na mimi njo niliyekuwa nafundisha wengine. Mnielewe vizuri: nilikuwa najulikana kama mtu asiyekosea nguo.

Ulikuwa mzigo wa wanawake wanane wa Base, ile kambi ya jeshi, wake za askari. Kule Base mwanamke anafanya biashara ndogo au anangoja mwisho wa mwezi, na hawa waliamua kutongoja. Walichanga, wakaagiza mabalo, yaani marobota, matatu ya mashati ya mitumba, kilo arobaini na tano kila balo. Mkubwa wao aliitwa Mama Ngoie, mke wa ajida, afisa mdogo wa jeshi, mwanamke mfupi anayesimama kana kwamba bendera inapandishwa.

Mitumba ina namba yake peke yake katika kitabu, na masharti mawili. La kwanza, nguo ionekane wazi kwamba imevaliwa. La pili, ije imerundikwa kwenye balo au gunia, si kupangwa kama ya dukani. Yote mawili lazima. Moja likikosekana, nguo inarudi kwenye namba za nguo za kawaida, na ushuru wake ni mwingine kabisa.

Karatasi ya Mama Ngoie ilisema mabalo matatu ya nguo zilizovaliwa. Behewa lilipofunguliwa nikaona makatoni kumi na moja ya sabuni. Nikafungua la kwanza. Mashati meupe na ya buluu, yamekunjwa sawasawa, kola zimesimama kwa wanga, mikono imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate. Nikafungua la pili, la tatu, la kumi na moja. Yote hivyohivyo. Nikahesabu: mashati mia tano thelathini na nane. Nikahesabu tena: mia tano thelathini na nane. Mara ya pili nilimtazama Mama Ngoie, kama kawaida yangu. Alikuwa akitabasamu kwa fahari. Nikajiambia, huyu ana roho ngumu.

Maana ule ni mchezo wa zamani. Watu huficha nguo mpya ndani ya mitumba ili zipite kwa ushuru mdogo. Nilichokiona, nilidhani, ni mtu aliyechoka hata kuficha. Nikaandika ripoti: nguo mpya, tamko la uongo, namba ibadilishwe, faini iongezwe. Nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Wale wanawake wasingeweza kulipa hata robo ya kiasi hicho. Na mzigo usiotolewa kwa muda uliowekwa unapigwa mnada. Walikuwa na siku kumi na tano. Mashati yakienda, mchango wa nyumba nane umekwenda.

Mama Ngoie alikuja bureau kila asubuhi. Siku ya kwanza alileta wenzake wote, siku ya pili watatu, kisha akawa anakuja peke yake, anakaa kwenye benchi, mkoba juu ya magoti. Kila nilipopita ananiambia neno moja.

"Mama Bea, angalia tena."

"Nilisha angalia, Mama Ngoie. Nilihesabu mara mbili."

"Ulihesabu. Minyi nasema uangalie."

Nilidhani ananibembeleza kwa njia ya sokoni, ile ya kurudia bei moja mpaka muuzaji achoke. Naijua njia hiyo, nimeitumia. Kwa hiyo sikuchoka. Siku ya kumi na moja nikakaa karibu naye, nikamwambia kwa utaratibu:

"Mama, tusidanganyane. Mutumba haufike na kola ya wanga. Nani ananyoosha mitumba?"

Akanigeukia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaoga.

"Shiye tulinyoosha. Si mulisema kutakuwa inspection?"

Nikamgeukia nami.

"Kule Base," akaendelea, "bakisema inspection, unapiga pasi. Mashuka, kombati, mapazia, hata kitambaa ya kupangusa meza. Komanda anapita, akiona kunyanzi moya, bwana yako analala kule kwa garde, mahabusu. Miaka makumi mbili niko napiga pasi juu ya inspection. Leo Serikali inasema itakagua nguo zetu, tuzilete namna gani, na makunyanzi?"

"Mulizipigia wapi pasi? Zilikuwa ndani ya behewa, zimefungwa."

Hapo njo akatazama pembeni. Niliona kuna kitu, nikangoja. Kungoja pia ni njia ya sokoni.

"Mvua ilinyesha," akasema polepole. "Behewa ilikuwa na tundu juu. Treni ikakufa njiani, siku kenda, kule mbele ya Kabondo-Dianda. Chef wa gare, mukubwa wa kituo, akatutumia habari kama mabalo inaanza kunuka. Tukaenda, bantu nane, na mapasi ya makala. Akafungua mbele yetu, akaandika. Tukafua mutoni, tukaanika juu ya majani, tukashona vifungo, tukapiga pasi. Siku ine. Kisha akafunga tena behewa na risasi yake."

"Aliandika? Karatasi iko wapi?"

Mkono wake ukaubana mkoba.

"Balituambia kama mzigo wenye kuandikwa umeharibika, duane inauchoma."

Huo si uongo kabisa. Vyakula vilivyooza tunachoma. Lakini shati lililolowa halichomwi. Nikamwambia hivyo. Alinitazama kwa muda, ananihesabu mara ya pili, kisha akafungua mkoba akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ripoti ya mkuu wa kituo, ina muhuri: mabalo matatu yamefunguliwa kwa sababu ya maji, kilo tano zimeoza zikatupwa, zilizobaki zimefuliwa na kuwekwa kwenye makatoni, behewa limefungwa upya.

Nilirudi ghalani peke yangu. Nikatoa shati la kwanza, nikafanya kile nilichokuwa nawafundisha ninyi kila wiki, ambacho siku ile sikukifanya kwa sababu macho yangu yalishikwa na mstari wa pasi: nikaligeuza ndani nje. Kiwiko cha shati nilikiweka kwenye dirisha, na nikauona mti wa nje kupitia kitambaa. Kola ilikuwa nene kidogo. Nikatoa wembe, nikafumua mshono wake. Upande wa ndani ulikuwa umechakaa mpaka nyuzi zimekuwa ndevu. Fundi fulani alikuwa ameigeuza, uchakavu ukaenda chini, uzima ukaja juu. Halafu vifungo. Vya shati hili vilishonwa kwa uzi wa kijani, ule mnene wa kombati. Nikachukua shati jingine, la kampuni nyingine kabisa: uzi wa kijani. La tatu, la kumi, la hamsini. Hakuna kiwanda duniani kinachoshonea mashati meupe uzi wa jeshi. Nilikuwa nimeyahesabu mara mbili na kuyaangalia nusu mara.

Nikaenda kwa Chef wa bureau, mkuu wetu, shati mkononi. Alikuwa mtu wa kanuni, mwembamba, anayesoma mpaka nukta. Alisikiliza, akatazama kiwiko, akatazama kola.

"Zimevaliwa," akasema. "Nakubali. Sasa nionyeshe balo."

"Hakuna balo, Chef. Kuna makatoni."

"Masharti ni mawili, Mama Bea. Ni wewe unayewafundisha vijana kwamba ni mawili."

Ni kweli, ni mimi. Nilitoka na shati langu. Zilibaki siku nne.

Usiku sikuwaza chochote cha maana; asubuhi njo nilipowaza. Chef hapingi kwamba mabalo yalikuwepo. Anapinga kwamba makatoni haya ndiyo mabalo yale. Basi suala si maneno, ni mizani. Karatasi ya transiti ya mpakani, yenye muhuri, ilisema mabalo matatu, jumla kilo mia moja thelathini na tano. Nikaomba mizani ya reli, ile kubwa ya kupimia vifurushi. Nikayatoa mashati yote kwenye makatoni, nikayapima bila katoni, pamoja na lile lililofumuliwa kola: kilo mia moja ishirini na nane. Nikapima tena, kama mnavyonijua. Mia moja ishirini na nane. Ongeza tano zilizooza, mia moja thelathini na tatu. Nikamwuliza Mama Ngoie magunia na mikanda ya mabalo viko wapi.

"Magunia? Tulifua. Tunatandika jikoni."

"Bilete."

Aliyaleta kwa baiskeli, yamepigwa pasi nayo. Magunia matatu na mikanda yake: kilo mbili. Jumla mia moja thelathini na tano. Vifungo vya nyongeza sikuvipima, na Mungu atanisamehe wanga.

Nikaweka mbele ya Chef karatasi ya transiti, ripoti ya kituo, hati ya mizani na yale magunia. Nikaacha shati juu yake, kola wazi. Nikamwambia mzigo uliingia nchini katika mabalo, mpaka uliuandika hivyo, na kilichobadilika njiani kilibadilishwa na mvua mbele ya mtu mwenye muhuri. Hakuna hata kilo moja iliyoongezeka. Alisoma yote. Akayahesabu magunia. Alinyanyua moja, akalinusa.

"Wamelipiga pasi gunia," akasema.

"Ndiyo, Chef."

"Kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yetu."

Alilirudisha gunia mahali pake. Kisha akavuta ripoti yangu ya kwanza, ile ya mwandiko mzuri, akaisukuma kwangu pamoja na kalamu. "Mimi sifuti neno la mtu. Futa wewe, uandike chini ni nani aliyekosea."

Nikafuta. Nikaandika kwamba mkaguzi hakugeuza nguo, na kwamba mkaguzi ni mimi. Nawaandikia hili kwa sababu karatasi ile bado iko katika jalada, na siku moja mtaikuta, na nisingependa mfikiri nilisahau.

Wanawake wote wanane walikuja kuchukua mzigo, na mkokoteni. Nilitegemea asante, labda na machozi kidogo. Mama Ngoie aliomba nafasi mezani, akaanza kuhesabu. Akamaliza, akarudia tangu mwanzo. Kisha akasimama vilevile kama mbele ya bendera.

"Mia tano makumi tatu na saba. Moya inakosa."

Lilikuwa bado kwa Chef. Nikalifuata, nikamkabidhi. Alilifunua, akatazama kola iliyoning'inia, akaipitishia kidole.

"Hii ilikuwa na kola."

"Niliifumua, Mama. Ilibidi nione ndani."

"Ukaona?"

"Nikaona."

"Basi uishone."

Wenzake wakaketi juu ya makatoni. Mmoja, aliyekuwa ameinama kufunga kamba, akasema bila kugeuka, "Muache, Mama Ngoie, wa bureau hawayue sindano." Mwingine akasema, "Atayua leo." Mama Ngoie akatoa mkobani sindano na kidonge kidogo cha uzi wa kijani, akaviweka mbele yangu, akasimama nyuma ya bega langu.

Nikakaa katika ghala nilimokagua maisha yangu yote, nikashona. Nilipomaliza, alilichukua shati, akaligeuza ndani nje kwanza, akalipeleka dirishani, akahesabu mishono kwa ukucha. Karibu na ncha ya kola alivuta kidogo, uzi ukalegea.

"Hapa haipite," akasema, akanirudishia. "Rudilia."

Nikarudilia.